Mgomba Uliovaa Helmeti

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Ukungu umekaa mtaani kwetu Woodley tangu juzi kama mgeni asiyejua kuaga. Pikipiki ya Quincy imefika, pamoja na koti lake la mvua na helmeti yake. Nyeusi, safi, inang'aa kunizidi. Rafiki yake aliyekuwa akiitunza kule Kawangware anahamia Eldoret, kwa hivyo sasa ni zamu yangu. Mimi Bramwel Were, mume wa dada yake, mtu wa kutegemewa.

Quincy yuko Doha. Alipiga simu wiki jana akaniuliza, shemeji, una mahali? Nikamwambia nina gereji. Gereji ya mawe, mlango wa chuma. Huo mlango wa chuma sijui ulitoka wapi. Ulimi ulikuwa umeshaanza safari, ukaona afadhali ufike. Ukweli: nina ukuta mmoja, nina ua wa michongoma wenye pengo, na nina mbingu.

Mke wangu Selpher amekataa isiingie sebuleni. Anasema nyumba yake si pampu ya petroli. Akaongeza, kwa ile sauti ya polepole, kwamba pikipiki hiyo ndiyo kazi ya ndugu yake. Akirudi mwisho wa mwezi ameahidiwa kusambaza dawa nayo. Ikipotea, mimi ndiye nitakayeketi mbele ya mama yao nimweleze. Mama mkwe wangu ana macho mawili lakini hunitazama kwa moja tu. Linatosha.

Wachira wa jirani alikuwa ameegemea ua, anakula mahindi, anafurahia. Yeye ana gereji ya kweli. Anafuga kuku ndani. Akasema, Were, leta hiyo kitu hapa, kuku wangu hawabagui mtu. Nikamshukuru, nikakataa. Huwezi kumwambia shemeji aliye ng'ambo kwamba pikipiki yake inalala na kuku. Isitoshe, Wachira angenikumbusha mpaka Krismasi.

Turubai. Mnyororo. Kufuli. Nimeifunga kwenye bomba la maji. Mwizi na aje, tupimane akili.

Jumanne, 15 Julai

Amekuja!

Kufuli halijaguswa. Mnyororo uko. Lakini turubai limekunjwa. Nasema limekunjwa. Pembe kwa pembe, kama shati la dukani, likawekwa juu ya kiti cha pikipiki. Umande haukuwa na alama hata ya paka.

Mwizi gani anakunja?

Nilisimama pale na mswaki mdomoni hadi dawa ikaniteremka kifuani. Kisha akili ikaamka. Mwizi huja mara mbili: kwanza kutazama, halafu kuchukua. Basi tumpe kitu cha kutazama. Pikipiki yenyewe nimeisukuma nyuma ya nyumba, nikaificha ndani ya michongoma, nikachanika mikono yote miwili. Mbele, mahali pake, nimeweka bandia.

Wachira alikuwa akipunguza migomba yake, amechomoa mmoja mchanga, pamoja na kitako chake chenye mizizi. Nikaomba. Akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni mambo ya jikoni. Akauliza urefu gani, aukate. Nikasimama wima, nikamwambia kama mimi hivi. Quincy na mimi ni kimo kimoja, na pikipiki yake ni ndefu kidogo.

Nimeulaza juu ya ndoo mbili, upande wa juu ukiinuka kama usukani. Utomvu ulikuwa ukichuruzika, nikaufunga kwa shuka nyeupe ya kitanda cha wageni. Mabegani, nasema mabegani kwa kukosa neno, nimeuvika koti la mvua la Quincy. Kwenye ncha, helmeti yake. Juu ya yote, turubai. Nikatoka hadi langoni, nikageuka. Pikipiki kabisa! Nilijipigia makofi, lakini kimoyomoyo, maana mikono ilikuwa na miiba.

Nikampigia Quincy nimwambie kila kitu kiko sawa gerejini. Simu ikajibu: mteja hapatikani.

Jumatano, 16 Julai

Hakuna aliyegusa. Ushindi.

Ila kuna jambo. Jana helmeti ilikuwa ikitazama lango. Leo asubuhi, nilipofungua pazia, turubai lilikuwa limetuna upande wa juu, na helmeti imechungulia nje yake. Inatazama dirisha la chumba chetu cha kulala. Nikatoka, nikaisukuma chini. Ikashuka, lakini kwa shingo upande. Ilisukuma kidogo na yenyewe, kama mtu anayeombwa asogee kanisani. Nikatoa mkono haraka.

Ni baridi, nikajiambia. Baridi hufanya vitu vitune. Au visinyae. Nitamuuliza mtu aliyesoma.

Kazini, dukani Biashara Street, siku ya sare za shule, wazazi wawili na sweta zote zimerudi kubadilishwa. Kanyiva, tunayesimama naye kaunta moja, akasema nina uso wa mtu aliyesalimiwa na asiyemjua. Nikamweleza kwamba natunza pikipiki ya thamani. Akauliza natunzia wapi. Gereji, nikasema. Akauliza ni kubwa? Nikasema, Kanyiva, gereji ni gereji.

Quincy: mteja. Selpher naye amempigia mara kadhaa. Anasema si kawaida yake kunyamaza. Nikamwambia labda Doha hakuna stima. Akapiga tena.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya.

Upepo uliondoka na turubai. Mimi nilikuwa bafuni nanyoa ndevu. Ukungu mzito, hata ua hauonekani. Nikasikia ukemi. Si ule wa mwizi. Ule mwingine, ninaoujua kutoka nyumbani, unaoanzia chini tumboni na kuishia mikono ikiwa kichwani.

Nikatoka na povu shavuni. Ni Mama Valarie wa nyumba ya mkabala, mtu wa kwetu magharibi, wa Lugari, alikuwa anapita kwenda maombi. Amesimama langoni, Biblia imeanguka. Na mbele yake, ndani ya ukungu, kimelala kitu cha urefu wa mtu, kimefungwa shuka nyeupe, kimevaa koti la mvua. Helmeti imeinuka tena. Sasa imeinuka shingo nzima. Inatazama dirishani kwangu.

Nilikiunda mwenyewe, na nilikaribia kulia pamoja naye.

Akaniuliza ni nani. Nikamwambia si mtu, mama, ni mgomba tu. Kosa! Kusikia mgomba, akaketi chini kwenye umande. Akauliza koti ni la nani. Nikasema la Quincy, ndugu ya Selpher. Quincy yuko wapi? Ng'ambo. Mara ya mwisho mmemsikia lini? Hapo povu likaanza kukauka shavuni.

Ndipo aliponifundisha, kati ya kilio na kilio, jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua isipokuwa mimi. Nilizaliwa Pumwani. Kwenye mazishi ya nyumbani husimama karibu na sufuria, na mambo ya kaburini huyasikia kwa mbali. Anasema mtu akifia mbali na mwili usipatikane, wazee huchukua mgomba wa kimo chake. Huufunga shuka nyeupe. Huuvika nguo yake. Huombolezwa ule, na huzikwa ule. Akasema mgomba haufungwi shuka kwa sababu nyingine yoyote duniani, na haufungwi kwa mtu mgonjwa wala aliyepotea njia. Ni kwa yule ambaye harudi.

Nimefanya yote. Shuka, koti, kimo. Nilipimwa mimi mwenyewe!

Selpher akatoka amejifunga leso. Nilitarajia kelele. Hakupiga. Aliuzunguka ule mgomba polepole, akagusa mkono wa koti, akaniuliza kwa sauti ya chini: Bramwel, umemfanya nini ndugu yangu?

Nikachukua simu, nikapiga mbele yake.

Mteja.

Ijumaa, 18 Julai

Habari imekimbia kuliko mimi. Leo sikwenda kazini. Saa ya chai kulikuwa na mabenchi uani kwangu, na watu wa kanisa, na watu ambao sijui hata wametoka estate gani. Mama mkwe anapanda basi kutoka Webuye jioni hii.

Nimekanusha. Mungu ni shahidi, nimekanusha kwa kila aliyeingia. Nikawaambia Quincy hajafa, ni pikipiki nilikuwa naificha. Wakanishika bega. Wakasema, pole, shemeji, uchungu huongea hivyo. Halafu mtu akanipa kiti cha mbele na kikombe cha kwanza cha chai. Nikaendelea kukanusha, lakini kwa sauti ndogo.

Wachira amekuja na chupa kubwa ya uji na kofia yake mkononi. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilimnong'oneza Mama Valarie: tukiutupa huu mgomba, si mambo yataisha? Akanisogelea sikioni. Akasema kilicholiliwa hakitupwi. Ama mwenyewe arudi auone, ama uingie udongoni. Na akasema niache kuugusa, maana tayari unaitikia.

Sikuuliza anamaanisha nini. Kila mtu ameona. Hakuna anayesema. Asubuhi helmeti ilikuwa imeinama. Walipoanza wimbo wa pili ilikuwa imesimama wima, na chini yake, kati ya shuka na kidevu chake, kumetokea kitu cheupe, laini, chenye unyevu. Kama shingo. Mimi ndiye niliyekaa karibu zaidi. Nilikitazama kioo cha helmeti kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama.

Kilikuwa na mvuke. Kwa ndani.

Naandika hili kwa aibu: wimbo ulipoisha nilienda nyuma kuiangalia pikipiki. Ipo. Haina hata mkwaruzo. Kwa upande wa kuzuia wizi, mpango umefaulu kabisa.

Selpher hali chakula. Ameketi na simu mapajani, anaitazama iite. Nimemwambia atapiga. Akasema, akipiga, nitasemaje, kwamba mume wangu alikuzika kwa sababu ya turubai?

Jumamosi, 19 Julai

Nilikuwa na mpango. Bado naamini ulikuwa mzuri.

Mama mkwe angefika asubuhi. Akikuta mgomba, Quincy amekufa. Asipoukuta, hakuna msiba, kuna mabenchi tu. Basi kulipopambazuka, wakati waombolezaji wote wamesinzia sebuleni, nikautoa ule mgomba. Kwenda kwa miguu nao haiwezekani, ni mzito kama deni la... basi, ni mzito. Nikaitoa pikipiki michongomani. Nikaukalisha mgomba nyuma yangu, wima, nikaufunga kiunoni mwangu kwa mnyororo. Koti na helmeti nikaviacha palepale. Ukibeba kitu kirefu ndani ya shuka nyeupe utasimamishwa. Ukibeba abiria mwenye helmeti, unasifiwa.

Safari: jalala la Kenyatta Market. Pale kuna maganda, majani na nywele za saluni. Mgomba mmoja zaidi, nani atajua?

Ngong Road ilikuwa imemezwa na ukungu. Taa zinatokea, zinapotea. Kila tuta, helmeti inanigonga mgongoni. Si kwa nguvu. Tak. Tak. Kama abiria anayetaka kushuka lakini ni mpole. Mama muuza chai wa stendi ya Jamhuri akatusalimia. Akasema habari zenu. Zenu! Kisha akautazama uso wa abiria wangu, akafunika birika lake kwa mikono miwili.

Nilianza kuimba. Wimbo ulionijia ni ule wa pili wa jana.

Mbele kidogo, kando ya barabara, amesimama mtu na sanduku. Peke yake. Amekonda. Uso wa rangi ya jivu. Akainua mkono.

Quincy.

Nikapunguza mwendo. Akatazama pikipiki, halafu koti, halafu helmeti, halafu mimi. Akaniita. Shemeji! Kila mtu anajua kwamba marehemu akikuita huitiki. Nikavuta mafuta.

Kwenye kioo nikamwona anakimbia! Magurudumu ya sanduku yananguruma juu ya lami, mkono mbele, mdomo wazi. Anapiga kelele: Hiyo ni yangu! Shemeji, rudisha! Na abiria wangu tak, tak, tak mgongoni, sasa kwa haraka. Nikapaaza sauti kwamba ndiyo, bwana, namrudisha, nipe muda, nilikuwa nampeleka pazuri!

Sikuona kona. Tukatoka barabarani mimi, pikipiki na mgomba, tukaingia kwa wauza miche. Nililala chali kati ya mawaridi ya mtu. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka, gurudumu linazunguka peke yake. Na mnyororo ulikuwa umekatika. Mgomba uliruka ukatua kwa kitako kwenye udongo laini, katikati ya miche, umesimama wima. Koti limenyooka. Helmeti haikuanguka. Ungesema umekuwa pale miaka.

Akanifikia. Anahema. Pumzi yake ilikuwa ya moto, ilinigusa usoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba yu hai, nikaanza kulia kama mtoto.

Yeye hakulia. Alitazama pikipiki yake. Akamtazama yule mwingine, aliyevaa koti lake. Wakatazamana kwa muda. Akaniuliza, taratibu, huyu ni nani?

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, ni wewe.

Jumapili, 20 Julai

Kumbe mkataba uliisha mapema. Alirudisha laini ya simu ya kule, akataka kutushangaza. Amefaulu, na sisi tumemrudishia.

Jana tuliporudi na pikipiki na mgomba, mama mkwe alikuwa ameshafika. Alipomwona mwanawe langoni hakumkimbilia. Alimzuia kwa kiganja. Mtu aliyeliliwa, alisema, haingii mlangoni kama aliyetoka dukani. Kuku akachinjwa langoni, wa Wachira. Quincy akaambiwa alitaje jina lake mwenyewe, kwa sauti, kabla mtu mwingine yeyote hajamwita. Akalitaja. Ndipo mama akamshika, na Selpher akawashika wote wawili, na nilipojaribu kuingia upande mmoja nikakuta kiwiko.

Kisha mama mkwe akanigeukia. Akanitazama kwa macho yote mawili. Mara ya kwanza tangu nioe.

Hukumu: mgomba hauzikwi, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Hautupwi, kwa kuwa umeliliwa. Utapandwa. Chini ya dirisha la chumba changu, na mimi nitaumwagilia mpaka uzae. Wachira alipokuja kuchimba shimo alicheka kwanza, kofia imerudi kichwani. Akasema mgomba mchanga wenye kitako hausikii habari za kukatwa. Ukiulaza kitandani kwako utaota kitandani kwako. Ile shingo ilikuwa jani jipya, na mvuke ni maji yake. Turubai je? Yeye ndiye aliyelikunja, kutoka upande wa pili wa ua, kwa fito. Lilikuwa likipigapiga usiku, kuku wakagoma kutaga.

Quincy akaomba kuiona gereji. Ile ya mawe, yenye mlango wa chuma. Nikampeleka uani, nikasimama kando ya bomba la maji, nikamwonyesha kwa mkono, kuanzia ukutani kwenda juu. Akatazama juu muda mrefu. Kisha akaisukuma pikipiki yake hadi kwa Wachira. Kuku wameipokea.

Jumanne, 29 Julai

Ukungu bado. Mgomba umeshika. Umetoa jani, na kila nikifungua pazia jani limekaribia kioo. Leo limegusa. Selpher sasa analala upande wa ukutani.

Taa imetengenezwa. Quincy ameanza kazi ya dawa. Akipita hunipigia honi lakini hapunguzi mwendo. Amenunua helmeti nyingine. Ile ya zamani hakuna anayeitaka, iko juu ya kabati, nimeigeuza itazame ukuta. Asubuhi huwa haitazami ukuta. Selpher anapopangusa vumbi, bila shaka.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa lilikuwa wapi? Nimelipata. Ni shuka! Ilikuwa nyeupe. Ingekuwa ya maua, nani angelia? Na kimo. Mgomba ulikuwa mrefu kupita kiasi.

Imekuja wakati mzuri. Kanyiva anaenda likizo kwao Kitui, na hana pa kuacha skuta yake. Ameniuliza kama ile gereji bado ina nafasi. Ningesemaje? Ameileta jioni, pamoja na koti lake jekundu la mvua. Kule kwao, amesema, mtandao hauna uhakika, nisishangae nikimkosa.

Nimeenda uani kumwomba Wachira mgomba. Akaacha kula mahindi. Akauliza urefu gani. Nikaweka kiganja begani kwangu, hapa, maana Kanyiva ni mfupi. Wachira akavua kofia.

Akaniuliza, na huyu ni nani?

Nikamwambia, Kanyiva.